Kubandika kaboni kwenye bimu za ghorofa la Upanga: kampuni mbili, kitambaa kilekile

Nianze na alama kabisa, maana najua wengi mnasoma mwanzo na mwisho tu. Kampuni ya kwanza: nyota moja na nusu. Kampuni ya pili: nyota nne. Bidhaa yenyewe, yaani kitambaa cha nyuzi za kaboni kinachobandikwa kwenye bimu (mihimili ya zege) ili kuziongezea nguvu, pamoja na epoksi ambayo ndiyo gundi yake, sina ugomvi nayo. Kazi zote mbili zilitumia kitambaa cha aina ileile na gundi ya aina ileile, moja ikabanduka na nyingine imeshika. Majina ya kampuni siyataji kwa sababu suala la fedha halijaisha.

Mimi ni fundi sanifu wa majenzi, na siku hizi kazi yangu ni kuwasimamia watu majengo yao hapa Dar: mabomba, pampu, wapangaji, na kuvutana na mafundi. Jengo ninalolizungumzia ni la zamani, ghorofa nne, lile zege la enzi za koleo na karai. Upande mmoja linapigwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Ghorofa ya kwanza ilijengwa watu waishi, lakini mwenye nyumba akaipangisha kwa mfanyabiashara wa vigae, naye akaigeuza stoo. Kwa viwango vya Kiingereza ambavyo wahandisi wetu wamevitumia miaka mingi, sakafu ya nyumba ya kuishi inahesabiwa mzigo wa kilo kama 150 kwa mita ya mraba. Stoo ya kawaida inahesabiwa kilo kama 240 kwa kila mita moja ya kimo cha mzigo. Vigae wala si mzigo wa kawaida: maboksi yakipangwa mita moja kwenda juu, mita ya mraba inaweza kukaribia tani mbili. Bimu tatu zikaanza kupasuka kwa chini.

Lile ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, mzee mwenye nyumba alikosa usingizi. Akaniambia, "Mwanangu, tafuta watu upesi. Sitaki kuja kuulizwa habari za watoto wa watu."

Ndipo wakaja hawa wa kwanza. Kijana mhandisi, shati limenyooka, shikamoo ya heshima, na kijitabu cha picha. "Mzee wangu, huu uzi una nguvu karibu mara kumi ya nondo. Hatubomoi, hatumwagi zege, na wapangaji wako hawahami." Akamwonyesha daraja la Ibach, karibu na Lucerne kule Uswisi, lililoimarishwa kwa kaboni mwaka 1991: kilo 6.2 za kaboni zikafanya kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za chuma. Mzee alipenda hapo pa kilo sita.

Kijana hakusema uongo hata neno moja. Daraja lile lipo na hesabu ile ni ya kweli. Wazo lenyewe wala si la juzi. Kabla ya kaboni watu walibandika mabamba ya chuma kwa epoksi, na kazi ya mapema inayotajwa sana ni ya Durban mwaka 1964, kwenye jengo la makazi ambalo nondo zilisahaulika ndani ya bimu. Kijana aliachia njiani, hakufika kwenye swali la nguvu hiyo inapitia wapi.

Uzi wa kaboni haukusaidii kitu mpaka nguvu yake ihamie kwenye bimu. Inahamia kupitia gundi, kisha kupitia milimita chache za ngozi ya nje ya zege. Epoksi iliyochanganywa vizuri haiachii. Kinachoachia ni zege lenyewe, chini kidogo ya gundi, kwa sababu zege hustahimili kubanwa lakini likivutwa hukatika mapema. Na halikuagi: ufa unaanzia kwenye nyufa za zamani katikati ya bimu, au kwenye ncha ya kitambaa karibu na nguzo, unakimbia chini ya gundi, na kitambaa kinadondoka kikiwa kizima. Ni kiraka kipya kwenye kanzu iliyooza. Uzi wa kiraka hautakatika, kanzu ndiyo itakayochanika pembeni ya mshono.

Sifa zao niwape. Walifika kwa wakati, walifanya kazi usiku ili wapangaji wasisumbuke, walifunika kila kitu kwa nailoni, na kitambaa walikilaza kimenyooka hadi raha kukiangalia. Bimu zikang'aa nyeusi tii. Mzee alizipiga picha akawatumia watoto wake walio Canada.

Lakini matayarisho yalikuwa msasa. Walisugua rangi mpaka wakaona kijivu, wakaridhika. Kijivu kile kilikuwa plasta. Majengo mengi ya zamani ya mitaa ile bimu zake zilipigwa plasta nyembamba ili zionekane laini, na plasta ile ina uhusiano wake na zege, wakati mwingine mzuri, wakati mwingine wa kujuana kwa sura tu. Niliuliza kipimo cha kuvuta kiko wapi, yaani kile cha kuona uso wa bimu unashika kiasi gani kabla ya kuchomoka. Nikajibiwa, "Dada, hicho ni cha madaraja." Epoksi walichanganya kwa macho, kopo la A na kopo la B, bila mizani. Kitambaa kiliishia kama nusu mita kabla ya nguzo, ncha imeachwa wazi, haikufungwa na chochote.

Masika yakapita. Siku moja nikapanda ngazi kukagua, nikaona ukingo wa kitambaa kwenye bimu ya upande wa bahari umeinuka kiasi cha kupitisha ncha ya msumari. Nikagonga kwa nyundo ndogo. Penye kushika utasikia ko-ko, sauti kavu. Pale nikasikia bwa-bwa, na ile bwa-bwa ikanifuata karibu theluthi ya bimu. Tukaweka mirunda chini yake kwanza, kisha nikakata kipande kwa kisu nikakigeuza.

Nitaeleza nilichokiona mgongoni, maana kilitosha kueleza kila kitu. Kitambaa kizima. Epoksi nzima, imekauka, ngumu. Juu ya epoksi kuna plasta, unene kama wa sarafu mbili, imekuja yote bila kubaki, na upande wake wa ndani zilionekana hata nyayo za mwiko wa fundi aliyeipiga miaka hiyo. Kwenye kona moja palikuwa na ukanda wa rangi ya maziwa ambao msasa haukuufikia. Zege la bimu, tuliloliendea hasa, lilikuwa halijaguswa. Yaani tuliimarisha plasta.

Nikawaita. Yule kijana akaja na pendekezo: waongeze tabaka, badala ya moja ziwe tatu, kwa bei ya kirafiki. Hapo ndipo nikachukua kalamu. Mwongozo wa Wamarekani unaotumika sana kwa kazi hizi, ACI 440.2R, unaweka kikomo cha kiasi ambacho kitambaa kinaruhusiwa kurefuka kabla ya kubanduka, na kikomo hicho kinatokana na nguvu ya zege, ugumu wa kitambaa, unene wake na idadi ya tabaka. Chukua zege la nguvu ya megapaskali 20 (megapaskali moja ni kama kilo kumi kwa sentimita ya mraba) na kitambaa cha kawaida cha unene wa milimita 0.167. Tabaka moja linaruhusiwa kurefuka karibu asilimia 0.94. Tabaka tatu, asilimia 0.54 tu. Ukizidisha idadi ya tabaka kwa kiasi hicho cha kurefuka, tabaka tatu zinabeba mara 1.7 ya tabaka moja, si mara tatu. Ile mikanda migumu ya kaboni yenye unene wa milimita 1.2 ndiyo kabisa: inazuiwa kwenye asilimia 0.41 hivi, wakati yenyewe hukatika ikirefuka asilimia 1.7 au jirani na hapo. Umenunua mkanda mzima, unatumia hata robo haifiki.

Urefu nao una mwisho wake. Watafiti Chen na Teng walionyesha mwaka 2001 kwamba gundi inafanya kazi kwenye urefu fulani tu, na ukizidisha hapo nguvu ya mshiko haiongezeki. Kwa fomula yao, kitambaa chetu juu ya zege la namna ile kinahitaji kama sentimita tisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumebandika mita tano, haiwezi kutoka", mwulize hizo mita nyingine zinashika nini. Na hesabu zote hizi zinachukulia kwamba chini ya gundi kuna zege safi. Plasta haimo kwenye fomula ya mtu yeyote.

Kijana alisikiliza, akasema atawasiliana na ofisi. Ofisi haijawasiliana.

Kampuni ya pili niliipata kwa mhandisi mwenzetu. Aliyekuja ni mama mtu mzima, viatu vya saiti, begi la chuma mkononi. Nikamwamkia, nikamwonyesha bimu, nikamwomba makadirio. Akacheka. "Mdogo wangu, siwezi kukupa bei ya kitu ambacho sijakivuta."

Kumbe lile begi ndilo lenye kifaa. Wanakata duara kwenye zege kwa keekee ya duara, kipenyo milimita 50, wanagandisha kisahani cha chuma kwa epoksi, wanasubiri ikauke, kisha mashine inakivuta taratibu mpaka kitoke. Kipimo cha chini kinachotakiwa ni megapaskali 1.4. Kwa kisahani kile ni sawa na kukitundikia kilo kama 280. Bimu mbili za ndani, baada ya plasta kuondolewa, zilitoa 1.8 na 2.1. Penye plasta hapakufika hata 0.5. Bimu ya upande wa bahari, juu ya zege lenyewe, 0.9.

Namba ile haikumtosha. Kila kisahani kilichotoka alikigeuza akakitazama mgongo kwa tochi kabla hajaandika. Ukiona gundi tupu inang'aa, uso ulikuwa na vumbi au unyevu. Ukiona plasta, unajua habari yake. Unachokitaka ni zege limekuja nalo, na kokoto zimekatika katikati, nyeupe kwa ndani. Akaniwekea kimoja mkononi. "Hiki ndicho unachonunua. Kitambaa ni nyongeza."

Ile ya 0.9 ilikuwa na kutu. Chumvi ya bahari ilishafika kwenye nondo, nondo zikavimba, na kava, yaani zege linalofunika nondo, likaanza kuachana nazo kwa ndani bila kuonyesha nje. Ukibandika kaboni juu ya hali hiyo, kutu itaendelea kusukuma, na siku kava likidondoka litashuka na kitambaa chake. Ubaya zaidi, kitambaa kinafunika ufa usiuone, na kinafungia unyevu ndani. Wakagongoa zege bovu mpaka nyuma ya nondo, wakapiga brashi ya chuma, wakaongeza nondo pale zilipoliwa sana, wakarudishia kwa mchanganyiko wa saruji wa ukarabati, wakaacha ikomae, wakavuta tena. Ikapita. Ndipo likaanza suala la kaboni.

Hapo grainda ikaingia. Vumbi, ndugu zangu! Waliondoa plasta yote na ule utando laini wa saruji wa juu, mpaka kokoto zikaanza kuonekana. Mama alikuwa na vibao vidogo vya mpira vya kulinganishia ukwaruzo, anaviweka ukutani, anapapasa kibao, anapapasa zege, anamrudisha fundi. Kona za bimu zilizungushwa, angalau milimita 13, kwa sababu nyuzi za kaboni hazipendi kukunjwa kwenye kona kali. Nyufa zilizozidi milimita 0.3 zilidungwa epoksi kwanza.

Kubandika kwenyewe kulikuwa kufupi na hakukuwa na mbwembwe. Walianza asubuhi, baada ya kupima joto la zege na unyevu wa hewa. Uso lazima uwe na joto la nyuzi tatu juu ya kiwango ambacho umande huanza kutengeneza, na kwa Dar yetu hii kuna asubuhi ambazo haifiki, unakaa unasubiri. Epoksi ilipimwa kwenye mizani, kidogo kidogo, kisha ikamwagwa kwenye trei bapa. Ukiiacha kwenye ndoo kwa joto letu inajipasha yenyewe mpaka ndoo inaunguza mkono na gundi inageuka jiwe kabla hujaipaka. Praima, puti, gundi, kitambaa, rola ya kutoa hewa, gundi tena. Mwisho wakafunga ncha kwa kanda zinazozunguka bimu kama herufi U, pembeni na chini, karibu na nguzo. Pale kwenye ncha ndipo kava zima huchomoka hadi kwenye mstari wa nondo, na kanda hizo ndizo zinazolizuia. Kampuni ya kwanza haikuweka hata moja.

Kazi ilipokauka walivuta tena, safari hii kwenye viraka vya majaribio walivyovibandika pembeni makusudi, ili wasiitoboe kazi yenyewe. Zote zilizidi megapaskali 2, kokoto mgongoni. Kisha tukagonga bimu nzima, mimi na yeye, kwa nyundo na chaki. Mwongozo unavumilia uwazi mdogo wa hewa usiozidi milimita za mraba 1,300, mradi usizidi asilimia 5 ya eneo lote wala kumi kwa mita ya mraba. Unaozidi milimita za mraba 16,000 unakatwa na kuwekewa kiraka. Tulikuta mmoja wa ukubwa wa kati ya vipimo hivyo viwili, wakaudunga sindano ya epoksi mbele yangu. Mama aliandika mahali ulipo kwenye mchoro bila kuombwa.

Nyota ya tano wameikosaje? Vumbi ni sababu moja. Nailoni yao ilikuwa ya mzaha, na mpangaji wa ghorofa ya pili ambaye ni fundi cherehani aliniletea gauni jeupe la bibi harusi limekuwa la kijivu. Fidia nimetoa mimi kwa niaba ya mzee, wao wakachangia kwa shingo upande. Sababu ya pili ni nzito zaidi: habari ya moto waliileta mwishoni, wakati ilitakiwa iwe kwenye mkutano wa kwanza.

Epoksi hizi zinazokauka kwa joto la kawaida huanza kulainika kati ya nyuzi joto 60 na 82. Moto wa stoo unafika huko mapema sana. Kwa hiyo hesabu inadai kwamba jengo lisimame hata kitambaa kisipokuwepo: libebe uzito wake pamoja na mzigo wa watu na vitu bila msaada wa kaboni. Bimu zetu zikiwa na vigae juu yake hazikupita. Zikiwa na watu na samani, zinapita. Maana yake kaboni haikutupa stoo. Imeturudishia nyumba salama ya kuishi yenye nafasi kidogo ya ziada, basi. Mzee alinuna, maana kodi ya vigae ilikuwa nono, lakini vigae vimeshuka chini kabisa, kwenye sakafu inayolalia udongo. Kijana wa kwanza alijua tangu mwanzo kwamba pale ni stoo na hakuliuliza kabisa swali hili.

Bei: ya pili ilikaribia mara mbili ya ya kwanza kwa mita ya mraba. Ankara ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja, "kuimarisha bimu kwa kaboni". Ya pili ina mistari mpaka unachoka, na mstari mkubwa kuliko yote ni kuandaa uso wa zege. Kitambaa chenyewe hakifiki nusu ya huo. Mkilinganisha ankara, angalieni mstari huo. Kama haupo, ulizeni plasta itaondolewa na nani, kipimo cha kuvuta kitafanywa kabla au baada ya kusaini, na ncha zitafungwa na nini. Anayejibu kwa kuwaonyesha picha za Uswisi, mpeni chai aende.

Dhamana. Kampuni ya kwanza ilitoa cheti cha miaka kumi, kina mhuri na rangi za dhahabu. Nimekisoma upya: kinahusu kitambaa kukatika, na ndiyo hoja wanayoishikilia mpaka leo, kwamba kitambaa hakijakatika. Kampuni ya pili imetoa miaka mitano, karatasi ya kawaida, neno "kubanduka" limeandikwa waziwazi, kwa sharti kwamba wao wenyewe waje kugonga bimu kila mwaka baada ya masika, na gharama ya ngazi ni juu yetu.